Hasara, Upungufu na Mvujo: Maneno ya Kupimia Nishati na Historia Yake, kwa Mifano ya Pemba

Katika kazi ya kuunda istilahi yako maneno yanayotutaabisha kwa kuwa hayapo, na yako yanayotutaabisha zaidi kwa kuwa yapo. Neno geni kabisa hubisha hodi mlangoni, nasi tukalikaribisha au tukalirudisha lilikotoka. Lakini neno la zamani, lililozoewa sokoni na shambani, likitakiwa lifanye kazi mpya kiwandani, huja na jamaa zake wote. Makala haya yanakusudia kueleza historia ya maneno machache ya aina hiyo ya pili, nayo ni yale yanayohitajika panapopimwa nishati isiyofika kazini katika mashine za kushindilia hewa, hasa zile za parafujo. Mifano yetu mingi tumeichukua kisiwani Pemba. Sababu ya kwanza ni kwamba huko ndiko tulikokosea.

Miaka michache iliyopita tuliombwa kutafsiri fomu ya vipimo iliyokuja pamoja na kompresa ya parafujo iliyofungwa katika karakana moja ya Chake Chake. Fomu yenyewe ilikuwa ukurasa mmoja tu, nasi tuliifanya kwa haraka. Palipokuwa na maneno matatu mbalimbali katika lugha ya asili, sisi tuliandika neno moja: hasara ya hewa, hasara ya kanieneo, hasara ya nishati. Fundi aliyekabidhiwa fomu alikuwa mtu mwangalifu, akaijaza kwa muda wa miezi mitatu bila kuruka juma hata moja. Ilipoturudia tulikuta safu zote tatu zimejaa shilingi. Fundi alikuwa akienda kwa karani wa hesabu, akiuliza bili ya umeme, akiigawa kwa siku, na kuandika jawabu lake. Hakuwa na kosa. Hasara, tangu neno hili lilipotufikia kutoka Kiarabu, ni jambo la mfanyabiashara: mtu amenunua kwa kumi akauza kwa nane. Tulimuuliza habari ya fedha, akatujibu habari ya fedha. Na katika miezi mitatu hiyo mabomba ya karakana yalikuwa yakivuja mchana kutwa, na hapakuwa na kipimo hata kimoja cha kuonyesha ni kwa kiasi gani.

Kabla ya kurudi kwenye neno hilo, yafaa tuitazame mashine yenyewe na majina yake.

Mtambo wa kwanza wa kushindilia hewa katika mwambao wetu ulikuwa mvukuto wa mhunzi. Ni mfuko wa ngozi, mtu huuvuta ukajaa, akaukandamiza ukapuliza motoni. Na kitenzi chake, kuvukuta, kimo katika lugha tangu kale. Mafundi wa leo hawakukichukua kitenzi hicho, na sababu yake tunaiona: mvukuto hupuliza, hauhifadhi. Kompresa huikusanya hewa katika tangi na kuiweka pale chini ya kanieneo kubwa mpaka itakapohitajiwa. Kitenzi kinachofaa ni kile cha watu wa magunia na bunduki za gobori, yaani kushindilia. Aliyepata kumwona mpakiaji akiingiza mguu ndani ya gunia ili kuongeza nafasi ameiona kazi ya kompresa. Katika maandishi mbalimbali tumekuta kikandamizi, kigandamizi na kishindilizi, nasi twapendelea hili la mwisho kwa maana yake, ijapokuwa tunajua kwamba karakanani litaendelea kuitwa kompresa, na hatuoni haja ya kugombana na karakana.

Kuhusu kile kinachoshindiliwa, wenyeji wa barabarani wamekwisha kuamua. Tairi hujazwa upepo, wala halijazwi hewa. Darasani upepo ni hewa inayokwenda, na hewa iliyofungwa ndani ya tairi haiendi popote. Kwa hiyo mwalimu husahihisha. Hata hivyo fundi ana hoja yake, kwani hewa iliyoshindiliwa inangoja kwenda, na ikipata tundu itakwenda. Sisi tutatumia hewa katika makala haya, bila kudai kwamba mwenye upepo amepotoka.

Parafujo ni mgeni wa siku nyingi. Wareno walioitawala Pemba na visiwa jirani tangu mwanzoni mwa karne ya 16, mpaka nguvu zao za kaskazini zilipovunjika kwa kuanguka kwa Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1698, walituachia maneno ya vitu vya mkononi: meza, kasha, bendera, parafujo, bomba. Habari ya bomba ni funzo kwa mtunga istilahi. Lilikuja likiwa na maana ya chombo cha kusukumia maji. Baadaye likahamia kwenye mrija unaopitisha maji, na kazi yake ya kwanza ilipobaki bila mtu, ikabidi pampu iletwe kutoka Kiingereza. Neno huweza kuacha kazi bila kutoa taarifa.

Mtu anayeijua parafujo ya seremala atajiuliza inawezaje kushindilia hewa. Jawabu ni kwamba ziko mbili. Katika nyumba ya chuma iliyofungwa mna parafujo nene mbili zilizolala sambamba, moja dume, yenye matuta, na moja jike, yenye mifereji. Matuta ya dume huingia katika mifereji ya jike bila kugusana nayo kwa nguvu. Zikizunguka, hewa iliyoingia mwanzo wa mfereji husukumwa kuelekea mwisho wake, na nafasi yake ikazidi kupungua hadi inapofika kwenye mlango wa kutokea. Mjerumani Heinrich Krigar aliipatia hati ya uvumbuzi mwaka 1878, lakini wakati huo hapakuwa na mitambo iwezayo kuchonga chuma kwa usahihi uliotakiwa. Fikra ilikaa zaidi ya miaka hamsini. Katika miaka ya 1930 mhandisi wa Kiswidi, Alf Lysholm, aliifufua na kuipa umbo lililowezekana kufanya kazi, akitafuta njia ya kushindilia hewa isiyokuwa na mabadiliko ya ghafula. Tangu miaka ya 1950 mafuta yalianza kuingizwa ndani pamoja na hewa, ili kupoza na kuziba mianya iliyo baina ya dume na jike na baina yao na ukuta.

Mianya hiyo ndiyo chanzo cha hadithi yetu. Ni midogo sana, ni sehemu ndogo za milimita moja, lakini haiwezi kuondolewa, kwa kuwa chuma kikipata joto hutanuka na parafujo zingesagana. Kwa hiyo hewa kidogo hurudi nyuma kila mzunguko, na kazi iliyofanywa juu yake hurudiwa. Pamoja na hayo uko msuguano wa mafuta na fani, uko ukinzani wa kichujio mlangoni, na liko joto. Joto ndilo kubwa kuliko yote. Katika kila sehemu 100 za umeme zinazoingia katika kompresa ya kiwandani, kati ya 80 na 93 hutoka zikiwa joto, na hupepewa nje na feni. Msomaji asiyeshughulika na mashine huenda asiamini tarakimu hizo. Atie mkono juu ya bomba la pampu ya baiskeli baada ya kujaza tairi, ataamini.

Sasa turudi kwenye neno. Mtoto wa shule hufundishwa kwamba nishati haiumbwi wala haipotei, hugeuka tu sura. Kanuni hiyo ilithibitishwa katika miaka ya 1840, na majaribio ya Mwingereza James Joule, aliyezungusha makasia ndani ya maji na kupima joto lililozaliwa, ni maarufu. Mtoto huyo akikua akawa fundi, tunampa fomu iliyoandikwa upotevu wa nishati. Kati ya mwalimu wake na sisi, amwamini nani? Mwaka 1852 William Thomson, ambaye baadaye alipewa cheo cha Lord Kelvin, alilitatua jambo hili kwa Waingereza kwa kulitenga: nishati haipotei bali hutawanyika, yaani huenda mahali ambapo haiwezi kukusanywa tena ikafanya kazi. Kwa Kiswahili twaweza kusema mtawanyiko wa nishati, na mwalimu na fundi wakapatana. Joto lililotoka katika kompresa lipo. Limo katika hewa ya Chake Chake.

Lakini mtawanyiko ni jina la tukio, na fundi anahitaji pia jina la tarakimu. Hapa ndipo Pemba inapotufaa.

Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na mikarafuu ya Pemba ikanusurika kwa kiasi kikubwa. Tangu hapo Pemba ndiyo iliyobeba zao hilo. Watu wa kisiwa wamelazimika, kwa vizazi kadhaa, kupima kitu kinachopungua mbele ya macho yao. Karafuu huchumwa mbichi, na mchumaji hulipwa kwa pishi. Kisha huanikwa juani juu ya majamvi siku kadhaa, na huuzwa kavu kwa uzito. Enzi za frasila, frasila moja ilihesabiwa ratili 35. Karafuu zikikauka vizuri hubakiwa na takriban theluthi moja ya uzito zilioanza nao. Theluthi mbili zimekwenda wapi? Hakuna Mpemba atakayesema zimeibiwa, wala hakuna atakayesema amepata hasara, maana bei yenyewe imekadiriwa kwa kujua kwamba zitakwenda. Zimepungua. Maji yamekwenda hewani. Anayetaka kujua ni kiasi gani hupima mara mbili, mbichi na kavu, akatoa ya pili katika ya kwanza. Akiona kilichobaki ni kidogo kuliko kawaida, hapo ndipo huanza kuuliza maswali: mvua, moto, au mkono wa mtu.

Upungufu, basi, ni tofauti baina ya vipimo viwili vya kitu kimoja. Hauwezi kupimwa peke yake. Hupimwa kinachoingia na kinachotoka. Na hiyo ndiyo hesabu inayofanywa juu ya kompresa: kilowati zinazoingia kwenye mota zinasomwa, hewa inayotoka inapimwa, kisha moja inagawanywa kwa nyingine ili kujua ni kilowati ngapi kwa kila meta ya ujazo kwa dakika. Laiti tungaliandika upungufu katika safu ya nishati, fundi wetu angaliuliza mara moja: kutoka kiasi gani hadi kiasi gani? Neno hasara halimwulizi mtu swali hilo.

Vilevile Pemba inajua ugomvi wa kipimo. Pishi ya mfuto, iliyopigwa ubao juu, si pishi ya mfufurizo, iliyojazwa mpaka ikafurika. Na kati ya mbili hizo mchumaji na mwenye shamba wanaweza kukosana msimu mzima. Watengenezaji wa kompresa walikuwa na ugomvi huohuo. Hewa hupungua ujazo ikishindiliwa na huongezeka ikipata joto, basi mtu akisema mashine yake inatoa meta kumi za ujazo, ni meta za hewa gani? Kanuni ya kimataifa ya majaribio haya, ISO 1217, ambayo toleo lake la mwaka 2009 ndilo linalotajwa sana, huelekeza kwamba hewa iliyotolewa ihesabiwe kwa hali iliyokuwa nayo mlangoni, kabla ya kuguswa. Waingereza huiita hewa hiyo kwa neno lao lenye maana ya uhuru, ambalo kwa bahati mbaya lina pia maana ya kutolipiwa. Tumewahi kukuta tafsiri isemayo hewa ya bure. Kama kuna hewa isiyokuwa ya bure duniani, ni hiyo! Sisi twapendekeza hewa ya mlangoni.

Safu ya hewa ilihitaji neno jingine, na neno hilo lilikuwa baharini. Hewa iliyokwisha kushindiliwa hutoroka katika viungo vya mabomba, katika valvu na mipira iliyochakaa. Katika viwanda visivyotunzwa huweza kufika asilimia 20 hadi 30 ya hewa yote iliyotengenezwa. Huu si upungufu kwa maana tuliyokwisha kuieleza, kwa kuwa si lazima uwepo, ni ubovu. Kitenzi chake ni kuvuja, kile cha paa la makuti na cha jahazi. Na mabaharia waliopeleka karafuu Unguja kutoka Wete na Mkoani hawakuhitaji mtambo kupima mvujo wa chombo chao. Kila chombo cha mbao huvuja kidogo, hata kilichokalafatiwa vizuri. Maji hukusanyika katika ngama, yakafuliwa, yakakusanyika tena. Baharia alijua kwa muda: chombo kinachofuliwa asubuhi na jioni ni kizima, kinachofuliwa kila saa kirudishwe pwani.

Njia iliyo nyepesi kuliko zote ya kupima mvujo katika karakana ni hiyohiyo. Siku ya mapumziko, vifaa vyote vikiwa vimefungwa na hakuna anayetumia hewa, kompresa huwashwa na kuachwa. Itajaza tangi, itaacha kushindilia, kanieneo litashuka kwa sababu ya mvujo, itaanza tena. Fundi hushika saa na kuandika muda wa kushindilia na muda wa kupumzika. Tuseme inashindilia dakika 3 na kupumzika dakika 7. Katika dakika 10, tatu zimekwenda kuziba pengo la mvujo, nao ni asilimia 30 ya uwezo wa mashine. Hakuna kifaa kinachohitajiwa zaidi ya saa. Tunasikitika kusema kwamba maelezo haya yalikuwamo katika fomu ile, chini ya kichwa kilichosomeka hasara ya hewa, na hakuna aliyedhani kwamba yanahusu saa.

Kwa safu ya kanieneo tuliandika mshuko wa kanieneo, kwa kuwa hapo hakuna kilichotoroka wala kilichopunguka kwa uzito: hewa ni ileile, ila imefika mwisho wa bomba jembamba ikiwa na nguvu ndogo kuliko ilipoanza. Mafundi wengi huutibu mshuko huo kwa kupandisha kanieneo kwenye mashine, na dawa hiyo ni ghali. Kupandisha kutoka mara 7 ya kanieneo la angahewa hadi mara 8 huongeza umeme kwa takriban asilimia 7. Bomba pana lingetosha.

Huenda msomaji akauliza kama kisiwa cha mikarafuu kina haja kubwa hivyo ya hesabu hizi. Mpaka mwaka 2010 umeme wa Pemba ulitokana na mitambo ya dizeli ya Wesha, na kila lita ya mafuta yake ilipita baharini. Mwaka huo ulizinduliwa waya wa kilovolti 33 uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga, kwa msaada wa Norway, na tangu hapo kisiwa kikaunganishwa na gridi ya bara. Waya ni mmoja na kipimo chake kina mwisho. Kiwanda cha mafuta ya makonyo cha Wawi, kilichoanzishwa mapema katika miaka ya 1980, kina desturi ndefu ya hesabu ya namna hii kwa upande wa mvuke: mvuke hupitishwa katika makonyo, hupozwa, na mafuta, ambayo ni mazito kuliko maji, hutuama chini. Kila penye mvuke, tangi na bomba, upo upungufu na upo mvujo, na anayeyachanganya hayo mawili atafunga bomba lisilovuja.

Kuna jambo la kisiasa ya lugha ambalo hatulipiti kimya. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Unguja mjini iwe msingi wa Kiswahili sanifu, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliyoanza kazi mwaka 1930 ikasanifisha kamusi na vitabu kwa msingi huo. Hatuna nia ya kuufungua upya uamuzi ule. Lakini matokeo yake mamoja ni kwamba tumezoea kuunda istilahi mezani na kuzipeleka visiwani na mashambani, kama dawa zinavyopelekwa. Hata jina la elimu yenyewe halikukubaliana: Zanzibar husema mafunzo ya amali, kama yanavyotolewa katika kituo cha Vitongoji, Pemba, na bara husema ufundi stadi. Kijana anayevuka bahari kutafuta kazi hubeba cheti ambacho jina lake linahitaji kufasiriwa kwa Kiswahili.

Baadhi ya wenzetu hawakubaliani nasi kuhusu upungufu. Wanasema ni neno dhaifu, kwamba lina maana pia ya kasoro, na kwamba afisa akisoma upungufu wa mashine atadhani imeharibika. Hoja ina uzito. Wengine wanataka hasara ibaki kwa kuwa ndiyo inayomwamsha meneja. Twakubali kwamba meneja huamshwa na fedha. Basi fedha ziwe na safu yake mwishoni, ijazwe baada ya zile nyingine. Neno ambalo bado hatujalipata ni la mashine inayozunguka bila kushindilia. Katika hali hiyo kompresa ya parafujo huendelea kula kati ya asilimia 15 na 35 ya umeme wake wote, na hata sasa tunaandika mzunguko mtupu, jina lisiloturidhisha.

Fomu mpya ilipelekwa Chake Chake ikiwa na safu za upungufu wa nishati, mvujo wa hewa, mshuko wa kanieneo na, mwisho, hasara kwa shilingi. Fundi ni yuleyule. Iliporudi, safu zote zilikuwa na tarakimu zake, na katika safu ya mvujo muda wa saa uliandikwa kwa dakika na sekunde. Juu ya mshuko wa kanieneo hakufuta kitu, lakini pembeni aliongeza kwa kalamu ya risasi neno moja la kwake, kuchoka: upepo umechoka kabla ya kufika. Tumeliweka katika orodha ya maneno ya kujadiliwa.